Sura ya Saba: Mahekalu Yaliyoandika Maji

Hakuna tone la mvua ya Mashuuru linalofika Misri. Mvua ikinyesha huku hushuka kwenye makorongo ya mchanga, na yale maji yasiyozama ardhini huelekea mashariki hadi mto Athi. Athi hugeuka Galana, Galana hugeuka Sabaki, na Sabaki humwaga tope lake jekundu baharini kaskazini kidogo ya Malindi. Maji ya Kitengela hufuata njia hiyo hiyo. Kwa ramani ya mito, basi, sisi wa Kajiado hatuna undugu na Naili. Undugu huo wanao wenzetu wa magharibi, wenye Nzoia, Yala, Nyando na Mara, mito inayoingia Ziwa Viktoria na ambayo maji yake hutokea Jinja kuanza safari ndefu ya kaskazini.

Hata hivyo nadai katika sura hii kwamba mtu aliyelelewa Mashuuru ana macho ya kuyasoma mahekalu ya kale ya Misri kuliko wageni wengi wanaotoka nchi zilizoshiba mvua. Luxor na Aswan hupitisha miaka bila mvua ya maana. Kila punje ya nafaka iliyowalisha mafarao ilitokana na maji yaliyonyesha kwingine, hasa katika nyanda za juu za Ethiopia, yakateremka na Naili ya Buluu na kufurika mashambani wakati jua la kiangazi ni kali kupita kiasi. Mfugaji anayenyweshea mifugo kwenye chemchemi zinazobubujika uwandani kwa mvua iliyonyesha Kilimanjaro, au anayesubiri bomba la Nol Turesh linaloshuka kutoka Loitokitok, anayaelewa maisha hayo bila mwalimu. Naye huangalia mlima wa mbali apate kujua ya kesho yake.

Waliojenga mahekalu haya walikuwa na swali moja lililowanyima usingizi: maji ya mwaka huu yatapanda kiasi gani, na nani atapata nini? Miungu, nguzo, sanamu na mamba waliokaushwa vyote vimezunguka swali hilo. Anayeingia hekaluni akilibeba ataona mengi ambayo hayasemwi kwenye matangazo ya safari.

Kwa nini mtoni

Kati ya Luxor na Aswan kuna kilomita zipatazo 220 za mto. Kwa kawaida meli za watalii huchukua siku tano ukianzia Luxor, na siku nne ukianzia Aswan na kuteremka na mkondo. Anayetaka utulivu zaidi hupanda dahabiya, chombo cha tanga chenye vyumba vichache, kinachoweza kutia nanga mahali ambapo meli kubwa hupita tu. Miezi mizuri ni Oktoba hadi Aprili. Kuanzia Juni hadi Agosti joto la Aswan hupita nyuzi 40, na hata mtu aliyezoea jua la Kajiado atapaswa kumaliza ziara zake asubuhi na mapema.

Basi na gari-moshi hufika miji hiyo hiyo kwa haraka zaidi. Lakini mahekalu haya yalipangwa kwa ajili ya mtu anayetoka majini. Mto hutiririka kuelekea kaskazini, na upepo mara nyingi huvuma kutoka kaskazini. Watu wa kale walitweka tanga kwenda kusini, na wakati wa kurudi wakauachia mkondo uwabebe. Nchi nzima ilikuwa na barabara moja, iliyowapeleka na kuwarudisha bila gharama. Palipokuwa na hekalu kubwa palikuwa na gati. Mbele ya gati lango, nyuma ya lango ua, kisha ukumbi wa nguzo, na mwisho chumba kidogo cha giza alimokaa mungu. Kutoka mtoni hadi chumba kile sakafu hupanda na dari hushuka, kidogo kidogo, mpaka nuru inakwisha. Mpangilio huo huupati vizuri ukiingilia upande wa maegesho ya magari.

Mawe yenyewe yalikuja kwa mashua. Tangu mwaka 1869, Thomas Cook wa Uingereza alipoanza kuwaleta watalii wa makundi kwenye mto huu, safari ya Naili imeuzwa kama starehe. Ni starehe kweli. Ila kabla ya hapo, kwa zaidi ya miaka elfu tatu, njia hii ya maji ilikuwa kazi, ibada na serikali kwa pamoja.

Karnak na Luxor: kinamasi cha mawe

Ukumbi wa nguzo wa Karnak una nguzo 134. Ulijengwa na Seti wa Kwanza na kukamilishwa na mwanawe Ramesses wa Pili, katika karne ya 13 kabla ya Kristo. Nguzo 12 za katikati zina kimo cha mita 21 hivi, na vichwa vyake vimechongwa kwa umbo la mafunjo yaliyochanua. Zile 122 za pembeni ni mafunjo yaliyofumba. Wajenzi walikuwa wanaumba kinamasi, kile kinamasi cha mwanzo wa dunia ambamo, kwa imani yao, kilima cha kwanza kilichomoza majini. Mafunjo ya porini yametoweka karibu yote huko Misri. Huku kwetu yangali yanaota Dunga, kando ya Kisumu, na Mkenya aliyewahi kupita kati yake kwa mtumbwi, yamemzidi kimo na kumfungia anga, akiingia ukumbi wa Karnak atajua mara moja aliko.

Nje, mbele ya lango la kwanza, kuna gati la mawe ambalo watalii wengi hulikanyaga wakiwa na haraka ya kuingia. Mto umesogea, kwa hiyo leo gati limekaa mbali na maji. Kwenye ukuta wake makuhani walichonga zaidi ya alama 40 za kimo cha mafuriko, kila moja ikiwa na jina la mfalme na mwaka wa utawala wake. Alama hizo ni za kati ya karne ya 10 na ya 7 kabla ya Kristo. Miongoni mwa wafalme hao yumo Taharqa, mtu wa Kush, nchi ambayo leo ni kaskazini mwa Sudan. Katika mwaka wake wa sita mto ulipanda kwa namna iliyowashangaza watu, na mfalme huyo akaagiza iandikwe kwamba mvua nyingi ilikuwa imenyesha huko kusini kwao. Alijua maji yanatoka wapi. Mtu mweusi wa kusini aliketi kwenye kiti cha mafarao, akawaambia Wamisri habari za mvua ya nyumbani, na habari ile ikawekwa kwenye jiwe.

Kutoka Karnak njia ya mawe ya kilomita 2.7 hivi, yenye safu za sanamu za mwili wa simba kila upande, inakwenda hadi hekalu la Luxor. Njia hiyo ilifunguliwa upya Novemba 2021 baada ya miaka mingi ya kufukua. Kila mwaka, katika majira ya mafuriko, sanamu ya mungu Amun ilitolewa Karnak na kuletwa Luxor kwa sikukuu ya Opet. Kwenye ua wa Ramesses wa Pili, utafute ukuta wa pembe ya kusini magharibi. Pale maandamano ya sikukuu yamechongwa, na ndani yake wamo mafahali wanene waliopambwa pembe. Mwongozaji atakuonyesha mapambo. Wewe tazama miguu. Kwato zimerefuka na kupinda mbele, na mfugaji wa Kimaasai wa Ilkaputiei hahitaji kuelezwa maana yake: ng'ombe hawa hawakutembea. Walifungwa na kulishwa mahali pamoja, labda kwa miezi mingi, wakisubiri siku moja. Mchongaji aliona kwato zile akazichonga zilivyo, na kwa jicho hilo moja la ukweli ametuachia habari za utajiri wa hekalu kuliko sifa zote za mfalme zilizoandikwa juu yake.

Watu wengine wakifika hapo hurukia kusema kwamba Wamaasai walitoka Misri. Sipendi madai hayo, kwa maana yanamnyang'anya kila mmoja historia yake. Kimaasai ni lugha ya Kinailoti, jamaa ya Kibari na Kilotuko za Sudan Kusini, na masimulizi ya wazee yanaanzia bonde la Kerio. Hiyo inatosha. Kinachotuunganisha na mchongaji wa Luxor ni kwamba yeye na sisi tunajua kumtazama ng'ombe.

Ndani ya hekalu hilo hilo la Luxor upo msikiti wa Abu Haggag, ambao bado unaswaliwa. Mlango wake mmoja wa zamani unaning'inia juu ukutani, mita nyingi kutoka sakafu ya mawe, kwa sababu msikiti ulipojengwa hekalu lilikuwa limezikwa kwa udongo na makazi. Katika maulidi ya Abu Haggag, wenyeji hubeba mashua mitaani. Wanahistoria wengi huona hapo mwangwi wa mashua za Amun. Dini imebadilika, na mashua bado zinabebwa.

Esna na Edfu: hati ya ardhi ukutani

Meli ikifika Esna husubiri zamu yake ya kuingia kwenye chumba cha maji kinachoipandisha au kuishusha hadi usawa wa upande wa pili wa ukuta wa mto. Wakati huo wachuuzi huja na vimashua, wakajifunga ubavuni mwa meli na kurusha vitambaa vya meza na kanzu hadi sitaha ya juu; bei hupatanwa kwa sauti, na pesa hurudishwa chini ndani ya mfuko. Hekalu la Khnum lenyewe limo katikati ya soko, ndani ya shimo lenye kina cha mita 9 hivi chini ya barabara ya leo. Kilichobaki ni ukumbi wenye nguzo 24. Tangu 2018 mafundi wa Misri, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Tübingen cha Ujerumani, wamekuwa wakiondoa masizi ya karne nyingi, na rangi zimejitokeza: buluu, nyekundu, manjano. Khnum ndiye aliyeaminiwa kumfinyanga binadamu kwa udongo juu ya gurudumu la mfinyanzi. Mungu wa udongo alipewa pia ulinzi wa mafuriko, kwa kuwa udongo uliletwa na maji.

Edfu ni siku nyingine. Kutoka gatini wageni hupelekwa kwa magari ya farasi hadi hekalu la Horus, mungu mwenye kichwa cha kipanga. Hili ndilo hekalu lililohifadhika vizuri kuliko yote ya Misri ya kale. Ujenzi wake ulianza mwaka 237 kabla ya Kristo na kumalizika mwaka 57, yaani miaka 180. Wafalme waliolijenga walikuwa wa ukoo wa Ptolemaio, wageni wenye asili ya Makedonia waliotawala kwa lugha ya Kiyunani, lakini walijua kwamba huwezi kutawala bonde hili bila kuheshimu mungu wake. Minara pacha ya lango ina kimo cha mita 36. Mwaka 1860, Mfaransa Auguste Mariette alipoanza kulifukua, nyumba za kijiji zilikuwa juu ya paa.

Kila mwaka mungu wa kike Hathor, mwenye masikio ya ng'ombe, aliletwa kwa mashua kutoka hekalu lake la Dendera, kaskazini ya Luxor, kuja kukaa na Horus. Safari hiyo imeandikwa ukutani pamoja na sadaka zake. Lakini msomaji wa Kitengela nitampeleka kwenye ukuta wa nje. Hapo kuna maandishi marefu yanayoorodhesha mashamba ya hekalu: yako wapi, yana ukubwa gani, yametolewa na nani. Ni hati ya ardhi iliyochongwa mahali ambapo hakuna karani angeweza kuifuta usiku. Nchi yetu ya Kajiado imeona ranchi za jamii zikigawanywa, ikaona vipande vikiuzwa kando ya barabara ya Namanga, na wengi wamejifunza kwa uchungu tofauti kati ya ardhi uliyoizoea na ardhi iliyoandikwa kwa jina lako. Ukuta wa Edfu unaonyesha kwamba wasiwasi huo ni wa kale, na kwamba wenye nguvu waliwahi kuuona mapema kuliko wanyonge.

Silsila na Kom Ombo: kisima cha kupimia

Kati ya Edfu na Kom Ombo mto hubanwa na majabali. Mahali hapo huitwa Gebel el-Silsila. Mawe mengi ya Karnak, Luxor na Edfu yalikatwa hapa na kupakiwa mashuani. Ramesses wa Pili na waliomfuata waliacha nakshi kwenye jabali zikiamuru Naili yenyewe ipewe sadaka mara mbili kwa mwaka. Meli kubwa hupita bila kusimama. Kaa sitahani upande wa magharibi uzione.

Kom Ombo liko ukingoni kabisa, kwenye kona ya mto, na meli hufunga hatua chache kutoka langoni. Ni hekalu pacha: upande mmoja wa Sobek, mungu mamba, upande wa pili wa Horus Mkubwa, kila mmoja na njia yake hadi chumba chake cha ndani. Jumba la makumbusho lililofunguliwa hapo mwaka 2012 lina mamba waliokaushwa, wakubwa kwa wadogo. Kumwabudu mamba hakukuwa ujinga. Alikaa mahali ambapo ardhi na maji vinakutana, na mtu anayeteka maji kila siku hujifunza kumstahi.

Uani kuna kisima kipana cha mawe chenye ngazi za kuzunguka. Hicho ni kipimo cha Naili. Maji ya mto yalipanda ndani yake kupitia chini ya ardhi, na kuhani aliyeshuka ngazi alijua kimo cha mafuriko siku baada ya siku. Mrumi Plinio, katika karne ya kwanza baada ya Kristo, aliandika hesabu ya mafuriko hayo: dhiraa 12 ni njaa, 13 bado ni njaa, 14 ni furaha, 15 ni usalama, 16 ni neema. Yakizidi hapo, maji yalikawia kuondoka na kuchelewesha kupanda. Kati ya kufa njaa na kushiba palikuwa na dhiraa nne, kama mita mbili.

Nawaomba wageni wakae kidogo kwenye kisima hicho. Kajiado tuliupitia ukame wa 2009, kisha ule ulioanza mwishoni mwa 2020 na kudumu hadi mapema 2023, na mizoga ikalala kando ya barabara. Tunajua maana ya kipimo kidogo kiasi hicho. Anayesimama Kom Ombo bila kumbukumbu ya namna hiyo huona shimo. Sisi tunaona mahali ambapo watu walishuka wakiomba.

Aswan: mto uliokoma kufurika

Kwenye kisiwa cha Elephantine, Aswan, kuna kipimo kingine, ngazi inayoshuka mtoni ikiwa na alama ukutani. Mwanajiografia Strabo alikizungumzia miaka 2,000 iliyopita, akaeleza kazi zake mbili: wakulima walijua namna ya kugawana maji, na watawala walijua kodi ya kudai, kwa kuwa mafuriko makubwa yalimaanisha kodi kubwa. Maji yaliyopimwa hekaluni yalikuwa pia hesabu ya hazina.

Kwenye kisiwa cha Sehel, karibu na hapo, kuna jabali lenye maandishi ya zama za akina Ptolemaio yanayosimulia habari za mfalme Djoser, aliyeishi zaidi ya miaka 2,000 kabla yao. Yanasema Naili ilikosa kupanda kwa miaka saba, watoto wakalia, mfalme akamwota Khnum, kisha akalipa hekalu la Khnum ardhi na mapato. Msomaji wa Biblia na msomaji wa Kurani wote watamkumbuka Yusuf na miaka saba yake. Wanazuoni wanaona mkono wa makuhani hapo, wakitetea mali yao kwa hadithi ya zamani. Hata iwe hivyo, walichagua hofu ambayo kila aliyesoma aliielewa.

Hekalu la Isis la Philae hufikiwa kwa boti ndogo. Hapo, tarehe 24 Agosti mwaka 394 baada ya Kristo, ulichongwa mstari wa mwisho unaojulikana wa maandishi ya picha ya Misri. Mahali lilipo leo si pale lilipojengwa. Bwawa la kwanza la Aswan, la 1902, lililizamisha kwa sehemu ya kila mwaka, na Bwawa Kuu lililojengwa kuanzia 1960 hadi 1970 lilitishia kulimaliza. UNESCO ilitoa wito kwa mataifa mwaka 1960. Philae lilibomolewa jiwe kwa jiwe katika miaka ya 1970, likasimamishwa upya kwenye kisiwa cha jirani cha Agilkia. Kusini zaidi, Abu Simbel ilikatwa vipande kati ya 1964 na 1968, ikapandishwa mita 65 juu. Ulimwengu ulishirikiana, na kutokana na kazi hiyo ukazaliwa mkataba wa Urithi wa Dunia wa 1972.

Wanubi makumi ya maelfu walihamishwa pia. Wale wa upande wa Misri wengi wao walipelekwa karibu na Kom Ombo, mbali na ukingo waliouzoea; wa Sudan walipelekwa Khashm el-Girba. Mawe yalirudishiwa mpangilio wake karibu na yalipokuwa. Watu hawakufanyiwa hivyo. Mgeni anayepiga picha Philae anapaswa kulibeba hilo pamoja na picha.

Tangu bwawa lile, mto haufuriki tena Misri. Vipimo vyote vimekuwa vitu vya makumbusho, na swali lake limehamia kwenye meza za serikali. Mkataba wa 1929, ambao Uingereza iliutia sahihi kwa niaba ya makoloni yake, uliipa Misri haki ya kukataa miradi ya maji hata Kenya. Mwaka 1959 Misri na Sudan ziligawana mto kwa mita za ujazo bilioni 55.5 na 18.5, na nchi za juu hazikupewa hata kiti. Makubaliano mapya ya ushirikiano wa bonde la Naili, ambayo Kenya ilitia sahihi 2010, yalianza kutumika Oktoba 2024 bila Misri na Sudan. Swali la nani atapata nini bado halijajibiwa.

Ndiyo maana natamani Wakenya wengi zaidi wapande meli hizo. Waende kama watu wenye haki ya kuuliza, wamwombe mwongozaji awapeleke kwenye gati la Karnak, kwenye kisima cha Kom Ombo na ngazi ya Elephantine, hata kama havimo kwenye ratiba. Na asiye na nauli anaweza kuanza kwake. Silanga nyingi za Mashuuru, yaani mabwawa ya kukusanyia maji ya mvua, hazina alama inayoonyesha maji yalifika wapi mwaka jana, wala mwaka wa ukame mkubwa. Wazee wanakumbuka, na kumbukumbu hiyo huondoka nao. Nguzo moja ya saruji yenye vipimo, daftari la shule ya karibu, tarehe na kimo kila mwezi: gharama yake ni ndogo, na baada ya miaka kumi jamii itakuwa na ushahidi wa kuweka mezani inapodai bomba, kisima au fidia. Makuhani wa Karnak waliweka kumbukumbu kama hizo, na kwa karne nyingi waliozishika ndio waliosikilizwa.